Kikohozi cha Moris Maina

Keighley, mwezi wa Februari, saa moja kasorobo asubuhi.
Kioo cha mbele kimeganda barafu kama ukoko wa wali.
Bi Enid Ackroyd yuko mlangoni na gauni la kulalia,
koti la marehemu juu yake, kikombe mkononi:
"Jana lilikataa. Juzi lilikataa.
Wilfred alikuwa akilibembeleza kidogo tu, linaamka."

Mimi ni fundi wa mabasi, natoka zamu ya usiku,
kucha zangu bado zina dizeli ya halmashauri.
Lakini hili ni Moris Maina la mwaka hamsini na nane,
kijani cha mbaazi mbichi,
na Moris la kwanza kulifungua maishani
lilikuwa la mwalimu mkuu, Korogwe,
kwa bisibisi ya kuazima.
Sibembelezi. Nauliza.

Nazungusha ufunguo nusu, sipigi stata.
Nasikiliza: pampu inagonga, tk tk tk tk,
inapunguza, inanyamaza.
Vyema. Bakuli la kabureta limejaa.
Betri? Taa hazififii.
Nachomoa plagi ya kwanza, nainusa:
kavu, kavu kama mdomo wa shahidi wa uongo.
Cheche ipo, ya buluu, inaruka.
Basi moto upo, mafuta yapo,
ila hayajapewa kipimo cha baridi hii.

Navuta choki.
Kishikio kinanijia kwa upole mno,
na upole huo ndio ulionishtua.
Nafungua boneti, nachungulia chini ya kabureta:
waya umechomoka kwenye skrubu yake.
Ndani unavutwa, huku nje hakuna anayesikia.
Nimewahi kupiga simu za namna hiyo.

Naubana kwa spana ndogo kuliko kidole cha mtoto.
Stata. Tena stata. Likapiga chafya,
likaitika, likatoa moshi hadi madirisha ya jirani,
na Bi Enid akajaribu kupiga makofi na kikombe chake,
chai ikayeyusha tundu kwenye theluji.

Ningeishia hapo, shairi lingekuwa fupi
na mimi ningekuwa kitandani.

Lakini kwenye mlima wa kwenda Oakworth,
yeye kando yangu amekumbatia mkoba,
gari likaanza kukohoa.
Likakohoa, likanyong'onyea,
likazimika katikati ya kanisa na duka la samaki.
Pampu sasa iligonga kwa shida,
tk... na kimya... tk...
kama mtu anayevuta kamba ya kisima kilichozibwa.

Nikashuka. Nikaenda nyuma, nikalegeza kifuniko cha tangi.
Fyuuuu.
Pumzi ndefu, ya mtu aliyeondolewa mto usoni.

Kifuniko kiling'aa kuliko kitu chochote katika bonde lile.
Kina tundu, dogo kama jicho la sisimizi:
petroli ikitoka, hewa sharti ishike nafasi yake.
Na tundu lilikuwa limejaa nta, nyeupe, ngumu.
"Hicho nakisugua kila Jumapili," alisema,
"tangu Novemba.
Mkono wake ulikuwa hapo siku zote."

Kwetu husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.
Sikumtafsiria.
Nikamuuliza kama ana pini.

Akainua macho kwenye kitambaa cha dari, upande wa dereva.
Pini moja, imechomekwa, ncha imepinda kidogo.
"Miaka thelathini," akasema,
"nikidhani ni ya tai."

Hakunipa. Alishuka nayo mwenyewe,
bila glavu, upepo ukimvuruga nywele,
akainama kwenye kifuniko akichokoa, akipuliza, akichokoa.
Nyuma yetu basi likapiga honi.
Breki zake nilizifunga mimi, usiku uleule.
Likasubiri.