Taa ya Pembeni

Usiitazame kadi uso kwa uso.
Uso kwa uso kila kitu ni kizima.
Zima taa ya darini, vuta ile ndogo ya meza,
ilaze chini, nuru ipite juu ya karatasi
kama kiganja kinachokusanya makombo.
Hivyo ndivyo alivyonifundisha Ghislain Bédard,
mwenye duka la kadi hapa Rouyn,
mji wa shaba, wenye mabomba mawili ya moshi
yanayoitemea theluji masizi tangu baba akiwa kijana.

Usiku huu ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Jikoni nipo mimi, lenzi, na sanduku la viatu.
Baba tulimzika Oktoba, kabla ardhi haijaganda.
"Hata kufa alikufa kwa mpango," dada yangu Solange alisema.

Kadi mia mbili na kumi na moja,
zote za hoki ya barafu, nyingi za kutupwa.
Hii ina doa la bablishi, rangi ya chai ya jana.
Hii nta ya pakiti imegandia usoni.
Hii rababendi imeibana miaka arobaini mpaka ikapata kiuno.
Hii mchezaji amechorwa masharubu
(mkosaji namjua, ndiye anayeandika).

Halafu huyu.
Aurèle Pomerleau, golikipa, msimu wake wa kwanza.
Kona nne kali, kama zimekatwa asubuhi hii.
Picha imekaa katikati, haikuegemea popote.
Ghislain aliiona mara moja, akavua miwani:
"Ikipata kumi, unaezeka nyumba upya.
Ikipata tisa, unanunua gari, la mtu mwingine.
Ikipata sita, nunua bia, uje tunywe."

Nimevaa glavu. Nimebana pumzi.
Naiinamisha kidogo, kidogo tena.
Nuru inateleza juu ya barafu ya picha,
inapanda goti, inapita barakoa,
na hapo, juu ya bega la kushoto,
inajikwaa.

Si mkwaruzo. Mkwaruzo ungechana vanishi, ungeng'aa mweupe.
Si kunjo.
Ni mbonyeo, na wa pili, na wa tatu, umepangana.
Kuna mtu aliweka karatasi juu ya golikipa
akaandika, akikandamiza
kama akandamizavyo aliyeacha shule darasa la sita.
Sita. Nne. Nne tena, au tisa.
Sifuri iliyofungwa vibaya.
Tarakimu zilizobaki zilivuka ukingo wa kadi
zikaingia kwenye meza, na meza tuliiuza.
Chini yake, maneno mawili: *baada ya zamu.*

Kizuri hakikosi ila, sawa.
Lakini ila hii ina mwandiko.

Nampigia Solange. Namsomea namba.
Kimya. Nasikia mashine yake ya kuosha vyombo.
Kisha: "Wewe ipeleke tu. Wale hawasomi, wanapima.
Na mama asisikie."
Hakuuliza ni namba ya nani.

Ghislain anamjua bwana mmoja kule Val-d'Or:
mvuke kidogo, kitambaa cha pamba, vitabu vizito siku tatu,
na karatasi inavimba, inasahau.
Ni udanganyifu, alisema, akaninong'oneza bei.
Birika liko jikoni, limeanza kulia.
Nainua macho kwenye dari, penye doa la maji
lenye umbo la buti, linalokua kila machipuko.

Nalizima birika.
Naiweka kadi mbali, mwisho kabisa wa meza,
navuta fomu ya wapima daraja.
Jina. Anwani. Mwaka wa kadi.
Kisanduku cha mwisho: thamani inayokadiriwa.
Nakaa.
Kisha naandika, kwa penseli,
bila kukandamiza.