Maua ya Arobaini

Treni ilimshusha Nyanzala saa tisa usiku,
siku ya arobaini yenyewe.
Udongo wa baba ulikwisha kukauka kule Isevya
na sisi tulikwisha kuzoea kuvipita viatu vyake
bila kuvitazama.
Hakulia. Aliweka begi ukumbini,
akauliza ufunguo wa jiko uko wapi.

Kulipokucha nilimkuta juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mikono ndani ya mwarobaini wa uani,
anakwanyua vishada vyeupe
ambavyo sisi, kila mwaka, tulivifagia
pamoja na mavi ya kuku.

Mti ule tuliujua kwa homa.
Majani yalichemshwa, tukafunikwa blanketi,
tukatoka jasho na matusi.
Kijiti chake baba alisugulia meno,
akatema ukutani, hapo hapo kila siku. Doa lipo.
Gome la minyoo. Mbegu za kupe wa mbuzi.
Maradhi arobaini, tuliambiwa,
na hakuna aliyeyahesabu.
Lakini kuula?

Bi Siwema, aliyekuja kupika pilau ya khitma,
akashika kiuno: "Shubiri hiyo utampa nani, mwanangu?"

"Kule Chiang Mai," akasema Nyanzala,
"mwenye nyumba wangu alinipikia kila baridi ilipoingia.
Wanauita sadao. Wanasema unashusha joto la mwili,
unarudisha hamu ya chakula.
Wa kwao una uchungu mpole. Wetu huu..."
akaonja ua moja, akafumba jicho,
"wetu huu haujawahi kuambiwa pole."

Akachemsha, akamwaga. Akachemsha, akamwaga.
Mara ya tatu mvuke ukaacha kutukaba.
Ukwaju akauloweka. Kwa sukari yao ya mnazi
akatia asali ya Sikonge, ile nyeusi yenye moshi,
na pilipili kavu, na vitunguu alivyokaanga
hadi vikalia mdomoni kama majani ya kiangazi.
Migebuka ya Kigoma ilikuwepo tayari,
kainunua kituoni, kwa mama asiyemjua jina.

Mama yetu, tangu maziko,
alikula kama mtu anayelipa deni:
matonge matatu, basi.
Akachukua kishada. Akachovya. Akatafuna.
Tukamtazama mdomo
kama watu wanaosubiri majibu ya maabara.

"Chungu."
"Ndiyo, mama."
"Chungu kweli."
Akachukua kingine,
akakizamisha hadi chini, asali ilipotuama,
akasogeza na sahani ya samaki upande wake.

Ndipo Nyanzala akalia,
kwa sauti, ukwaju umemfika kiwikoni,
na Bi Siwema akavuta kuni mbili nje
pilau isiungue.

Jioni niliosha masufuria.
Pale mlangoni, tulipomwaga maji ya kwanza,
hapakuwa na sisimizi hata mmoja.