Siku Isiyo na Gati

Mize alituma ujumbe tangu Ijumaa:
"Jumanne ni siku ya bahari. Hatufungi gati popote.
Tutapita mkondo wa Pemba saa nne, saa nne unusu hivi.
Nitatoka nyuma, ghorofa ya wafanyakazi,
na taulo la manjano. Mwambieni mama."

Tukamwambia mama. Kosa letu hilo.
Mama akawaambia wa Uweleni na wa Makombeni,
akamwambia muuza mkate wa ajemi,
akamwambia daktari wa meno, mdomo umejaa pamba,
na Jumanne tulikuwa watu kumi na mmoja
juu ya nyumba ya Ami Shaame isiyokwisha,
kati ya nondo zilizoota kutu,
tukipeana kwa zamu darubini moja ya karani wa forodha,
jicho la kushoto limeingia ukungu.

Siku yake naijua, maana hunisimulia usiku:
vyumba kumi na sita, ghorofa ya nane,
vitanda vya watu wanaolala mpaka jua liwachome nyayo.
Kila kitanda akunje taulo liwe mnyama:
bata, tembo, kima wa kuning'inia kwenye henga.
Juu kabisa kuna bwawa; watu wazima wanaelea
katika maji baridi yaliyobebwa juu ya maji ya chumvi,
na mzee mmoja wa nchi za theluji
humuuliza kila asubuhi: kwenu wapi?
Naye humwonyesha, kwenye ramani ya ukutani,
pale ambapo mchoraji ameweka dira.

Ikatokea.
Si kama meli. Kama mtaa ulioamua kuhama,
roshani juu ya roshani juu ya roshani.
Ami Shaame akahesabu ghorofa, akapotea kwenye tisa, akaanza upya.
Haikuwa na haraka. Haikupiga honi.
Nadhani huko ndani kipaza sauti kilisema "kushoto kwenu",
wakageuka, wakaona kijani.

Mama hakungoja zamu yake.
Akatoa kikapuni shuka la kitanda, jekundu, la maua makubwa,
akashika pembe mbili, mimi mbili,
tukalipunga mpaka mabega yakalia.
"Yule pale! Mwenye manjano! Yule!"
Wote tukasema ndiyo. Karani wa forodha akasema ndiyo,
na darubini wakati huo hakuwa nayo.
Mimi niliona doa. Huenda taulo,
huenda boya la kuokolea, huenda ngazi.
Nikasema: ndiye, mama, anapunga kwa mkono wa kushoto.
(Mize ni wa kushoto. Uongo nao hutaka ushahidi.)

Tunashuka, simu ikatetemeka mfukoni.
"Nisamehe. Sikutoka. 814 wamemwaga kahawa godoro zima,
msimamizi kasimama mlangoni.
Nimechungulia dirishani mwao, dakika moja hivi.
Nimeona mnara wa simu, na kitu chekundu
kinatikisika juu ya nyumba. Wamejenga nini pale?"

Nikaandika: shuka. Nikafuta.
Nikaandika: ni sisi.
Tiki moja. Meli ilishaingia nyuma ya Makoongwe.

Alasiri bomba halikutoa maji, tukateka kwa kina Bikombo.
Mama barazani bado anapokea watu,
anapunga mkono wa kushoto, awaonyeshe.

Usiku nikamkuta chumbani, taa ya simu ikiwaka,
taulo langu la kuogea mapajani.
Anakunja bata. Shingo haikubali kusimama.
"Lafanana na sambusa," akasema,
akalikunjua, akaanza tena.
Kisha, bila kugeuka:
"Lile shuka. Aliliona?"
"Aliliona," nikasema,
nikashangaa kuwa sikuhitaji kuongeza neno.

Shingo ikaanguka. Akaishika kwa vidole viwili,
akaniambia nizime taa.