Kati ya Nne na Kumi na Moja

Mwalimu mkuu Amugune anataka neno moja:
inabeba, au haibebi?
Juu itakaa maktaba, vitabu vya shule nzima,
chini, darasa la sita na kelele zake.
Nami nina daftari lenye majibu mawili.

La kwanza: zege zima, halijaujua ufa,
mita sita toka nguzo hadi nguzo.
Hilo litashuka milimita nne.
La pili: zege limekwisha pasuka upande wa chini,
nondo ndizo zinazovuta peke yake.
Hilo litashuka kumi na moja.
Ukweli umelala mahali fulani kati ya hayo,
wala si katikati; ungekuwa katikati
ningekuwa nimekwisha rudi Kisumu.

Chuoni tulifundishwa maajabu ya kimo:
panua boriti maradufu, ukakamavu ni maradufu tu;
ongeza kimo maradufu, ni mara nane.
Foromani Mudaki hakufika chuoni.
Ubao ukiulaza unanesa, ananiambia,
ukiusimamisha kwa ubavu unakubeba,
kila mtoto aliyevuka kijito anajua.

Nikamuuliza kokoto zilitoka wapi.
Akanionyesha kando ya barabara ya kwenda Maseno,
kina mama na nyundo, jiwe limebanwa
ndani ya duara la mpira wa baiskeli,
debe baada ya debe.
Kageha alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi.
"Jiwe langu ni gumu," akasema.
"Maji aliyotia fundi, hayo mimi siyajui."
Wala mimi. Katika hesabu yangu
hapo pana herufi moja tu,
na thamani yake nimeikisia, kwa penseli.

Magunia ya mchanga, mia moja na ishirini.
Chini ya boriti, saa ya kupimia,
uso wake kama sarafu, akrabu kama mwiba.
Gunia la hamsini: moja nukta saba.
La sitini na nne,
mlio mdogo, ukucha juu ya kigae.
Ufa. Mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Mwalimu akashika kichwa.

Nikamwambia, chuma kilikuwa kimesinzia mpaka sasa.
Zege lisipopasuka
nondo haiitwi kazini.
Akanitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe kilema
na kuambiwa ndivyo wanavyotembea.

Tukaacha mzigo ulale pale.
Usiku mvua ya Luanda ikaja, si ya kunong'ona,
nikaamka kufunika magunia kwa turubai
maana mchanga ukilowa unaongeza uzito
na namba zangu zinakuwa za uongo.
Mudaki alishika tochi, akanicheka:
injinia anafunika mchanga,
yeye mwenyewe analoa.

Asubuhi: saba nukta tatu.
Tukashusha magunia yote.
Akrabu ikarudi nyuma, ikasita, ikarudi tena,
ikasimama kwenye moja nukta moja.
Nikangoja dakika arobaini.
Haikurudi sufuri.

Kanuni inaruhusu. Najua inaruhusu.
Jana jioni Kageha aliinuka kutoka kwenye mawe yake
mkono kiunoni, akanyooka karibu kabisa,
akabeba debe, akaenda.

Nimemwandikia mwalimu: inabeba.
Rafu nzito zikae karibu na nguzo,
katikati muweke meza na watoto wanaosoma.
Akauliza kwa nini watoto ndio wakae katikati.
Kwa sababu watoto huondoka saa kumi, nikasema.
Vitabu haviendi nyumbani.

Kisha nikapanda ngazi, ubavuni mwa boriti
nikachora mstari, nikaandika tarehe,
na chini yake, saba nukta tatu.
Zege huendelea kutambaa
miaka mingi baada ya fundi kulipwa.
Nitarudi Desemba na rula.