Mkanda wa Nne

Ilikuja mikanda mitano katika sanduku la bati,
mtunzi mmoja, waongozaji watano, Wacheki wote,
na mimi na kipaza sauti
niwasomee watu wa Tononoka tafsiri gizani.

Wa kwanza aliipiga harusi kwa mbali,
kama mdeni anayepita upande wa pili wa njia.
Wa pili hakutoka jikoni: sufuria, mvuke, basi.
Wa tatu alipenda nyuso. Mpishi wa bia
akacheka kwa meno yake mawili, ukumbi ukacheka naye
kabla sijafungua kinywa.

Wa nne ukakatika.
Shebwana akaunga kwa gundi na bismillahi,
taa ikarudi, na mke tuliyemwacha anakaanga vitunguu
sasa yuko kwenye nguo nyeusi.
Watu wakanigeukia.
Karatasini hamkuwa na jibu.
Nikamuua mumewe kwa homa,
siku tatu, kitambaa cha maji usoni, alfajiri.

Wa tano hata siukumbuki.

Mlangoni Bi Rukiya wa Kuze alinishika mkono:
“Huyu wa nne ndiye yuwajua.
Wangu naye alikwenda vivyo hivyo.”

Mwezi wa pili Shebwana aliokota kipande
kwenye pindo la suruali yake.
Tukakiinua juani: picha arubaini ndogo,
mtu mzima wa afya anashuka ngazi
na mkate kwapani,
anateleza.

Nimekiweka katika kopo la kahawa.
Bi Rukiya kila akipita huniambia,
nisalimie yule Mcheki wangu.