Sikio la Fundi Redio

Baraza moja, mafundi wawili, bati katikati:
mimi na cherehani yangu ya kukanyaga,
Kundaeli na redio zake zilizofumuliwa matumbo.
Hapa Mbuyuni, Moshi, tope na vumbi hupokezana zamu,
nasi hupokezana kiberiti, chenji, umbea.

Jumanne ile napiga pindo majoho ya kwaya,
kumi na manane, meupe, ya sikukuu ya mavuno.
Akainua macho kutoka kwenye nyaya:
"Mama Ndeshi, huyo Mungu wako
ana jicho la kuona pindo limenyooka.
Usiku mto Rau ulipoingia jikoni kwa mama yangu
alikuwa anatazama wapi?"

Wateja wakacheka. Muuza mkaa akacheka zaidi,
na mguu wangu ukasahau kukanyaga.

Sitadanganya: moto ulinipanda.
Mimi binti wa mwinjilisti, nimelelewa kwa majibu.
Majibu ninayo kama vifungo, makopo matatu,
ya matundu mawili, ya matundu manne.
Usiku nikavuta daftari la vipimo,
na nyuma ya viuno na mabega ya watu
nikamwandikia Kundaeli kurasa sita.
Kila ukurasa ulikuwa na ncha.

Kufika wa saba nikamkumbuka Aminieli,
mdogo wangu wa damu.
Naye aliwahi kuuliza, mezani, ndizi zikifuka moshi.
Naye nilimjibu. Nilimjibu vizuri sana.
Baba akatikisa kichwa kwa fahari, shangazi akasema amina.
Krismasi tisa sasa magari yanapanda Machame, taa kwa taa,
na lake halimo.
Nilishinda. Sahani yake ipo kabatini.

Nikamkumbuka na yule mwanafunzi, bustanini, usiku,
aliyemtetea Bwana wake kwa upanga.
Alipata nini? Sikio.
Na Bwana, pamoja na yote yaliyomngoja usiku ule,
ikambidi kwanza arudishe sikio la mtu.

Nikazichana kurasa. Tano.
Ya sita nilishindwa, ilikuwa tamu mno.

Kulipokucha sikufungua kibanda.
Nikabeba mtori kwenye chupa ya chai, nikaenda kwa mama yake.
Jikoni maji yalikuwa yameacha mstari ukutani;
nikaupima kwa jicho, ndiyo kazi yangu:
inchi thelathini na mbili. Kiuno cha mwanamke mwembamba.
Tukakwangua, bibi na mimi, bila maneno mengi.
Alasiri Kundaeli akaingia na misumari mfukoni.

"Umekuja kunihubiria?"
"Nimekuja na koleo. La kuazima, jioni linarudi."

Akasimama pale. Halafu akauliza tena,
safari hii hakuna wa kucheka,
swali limevuliwa nguo, linatetemeka:
"Lakini alikuwa wapi?"

"Sijui, Kundaeli."
Neno hilo kwetu halikufundishwa;
lilinikwaruza koo kama mfupa wa samaki.
"Sijui. Na mimi huwa namuuliza."
Akachukua koleo mkononi mwangu.

Msidhani aliokoka.
Sikukuu ya mavuno majoho yaling'aa, naye akabaki kwenye baraza
anachomelea redio ya muuza mkaa.
Ila ametoboa bati kati yetu apitishe waya wa taa,
tundu la ukubwa wa kifungo cha koti,
na mchana huuliza kupitia hapo.
Makali hayajapungua. Jana alinigusa pabaya,
nikauma uzi, nikauma na ulimi,
nikamsikiliza mpaka mwisho.
Ukurasa wa sita nimeukunja mara nne
nikauweka chini ya mguu wa cherehani. Ilikuwa inayumba.

Juzi nimepata namba ya Aminieli.
Nimeandika: "Sahani yako ipo."
Nikafuta aya nzima iliyofuata, nikatuma.

Hajajibu bado.