Kitambaa cha Guliko

Miezi mitatu lile birika dogo limewaka
kwenye dashibodi ya Opeli yake,
jekundu, na tone lisiloanguka mdomoni.
Na oili imo. Nimepima mara nne.
Nimepima injini ikiwa ya moto, nimepima ikiwa baridi,
nimelala chali chini yake theluji ikinitonea shingoni
kutoka kwenye madigadi,
na oili imo, imefika alama, ina rangi ya asali ya msituni.

"Basi kinacholia ni nini?" Guliko akaniuliza.
Sensa, nikamwambia. Imezeeka. Inaona njaa penye shibe.
"Na mpya?"
Nikamtajia bei.
Akahesabu kwa vidole, si lari, bali magurudumu ya jibini:
kumi na moja, na la kumi na mbili la kuiagiza.
Akausukuma mlango wa gereji kwa kisigino,
kana kwamba Kutaisi nzima imetega sikio,
akasema: "Otia, ing'oe."

Kuing'oa siwezi. Nikiitoa linabaki tundu,
na oili yote itakuwa barabarani kabla hujafika kona ya mwokaji.
Ila naweza kumdanganya anayeisikiliza.
Nakata waya mbili, naziunga kwa rezista
ndogo kama punje ya mchele iliyovikwa pete za rangi,
natia risasi, nazungusha utepe mweusi,
na kompyuta itaambiwa usiku na mchana,
hata sampu ikikauka kau:
imo, imejaa, lala.

Hapo nikamshika mkono, nikampeleka uani.
Chini ya mzabibu usio na jani ipo injini ya Zurabi,
kijana wa teksi. Nilimtilia punje kama hii, miaka sita sasa.
Akanilipa, akapiga honi mara mbili, akaondoka anacheka.
Hakufungua boneti tena.
Ilinoki ndani ya handaki la Rikoti, usiku, abiria watatu,
na dashibodi yake tulivu, haina habari.
Zurabi mzima. Hanisalimii.
Sampu niliifungua mwenyewe; kuku wa mke wangu anatagia humo.

Guliko akainama, akatoa yai,
akalipima uzito kiganjani, akalirudisha.
"Nifundishe kijiti," akasema.

Nikamfundisha. Gari lisimame tambarare.
Injini izimwe, ipumue kidogo.
Vuta, futa, chomeka, vuta tena:
mara ya kwanza kijiti kinabwabwaja,
mara ya pili ndipo kinasema.
Kati ya kovu hili na kovu hili, nenda sokoni.
Chini ya hili, hata kama bwana harusi anakungoja, usiwashe.
Nikakwangua alama kwa tupa, zisomeke bila miwani.
Kisha nikakata waya.

Birika likazimika.
Sikukipenda kimya kile. Kimya kingi kina mshindo,
nami nilikuwa nimekiunga kwa mikono yangu, kwa lari kumi na tano.
Wiki nzima, kila simu ilipolia, nilidhani ni Rikoti.

Alirudi mizabibu ilipotoa macho.
Gari zima, linanuka maziwa na petroli.
Hakusema kitu; akakunjua kitambaa cha kukamulia jibini
juu ya meza yangu, katikati ya spana.
Mistari myeusi, mifupi, urefu wa ukucha,
safu chini ya safu, kila mmoja asubuhi moja:
mingine mizito, mingine imefifia kama wanja wa jana.
Nikaifuata kwa kidole, kama asomaye barua ya mtu.
Safu ya tano ina pengo, siku mbili nyeupe.

"Na hapa?"

"Hapo nilikuwa namzika dada yangu, Otia. Gari halikutoka."

Mstari unaofuata umekwenda upande,
mrefu kuliko yote.

Akakikunja. Akatoka nje.
Kabla ya kuwasha, nikasikia boneti ikifunguliwa.